Fulana ina jina la kampuni, mkataba je una jina la nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua hii ni ndefu ila mkianza kuikata mtakata palepale penye maana, kwahiyo nawaomba muivumilie. Wiki mbili zilizopita nilinunua maandazi getini kwetu kwa mama mmoja ambae anafungia gazeti lenu (msikasirike, la wenzenu pia anafungia) na kwenye kile kipande nikakuta barua ya kijana kamaliza chuo anaomba ushauri. Ameitwa kazi sehemu mbili, moja kampuni kubwa yenye jina ambayo kila mtu akiisikia anasema eh hongera, nyingine duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo la mzee mmoja na mke wake, na hao wa Kariakoo ndo wanalipa zaidi. Aende wapi. Barua yenyewe ilikua imeingia mafuta na kona ya chini imechanika, sikuimaliza, ila majibu ya wasomaji nimeyasoma kwenye gazeti la kununua, mmoja kasema kampuni kubwa ni utumwa wa kuvaa kitambulisho, mwingine kasema kijana akikataa kampuni kubwa amepigwa kipapai, na wote wawili wanaongea kama watu ambao hawajawahi kupita getini saa 11 alfajiri.

Mi niko kiwandani, kiwanda kikubwa tu cha vyakula hapa Dar es Salaam, sitakitaja maana bado nakula hapo. Huu ni mwaka wangu wa 13. Nimeingia kama deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, nikawa mtu wa wakala, nikaja kuwa mfanyakazi kamili, yaani mlango ni uleule mmoja ila nimeupita nikiwa watu watatu tofauti. Ndo maana swali la kubwa au ndogo naona limekaa vibaya toka mwanzo.

Nianze na baba kwanza. Baba alikua kiwanda cha nguo cha serikali Morogoro enzi zile za mashirika ya umma baada ya Azimio la Arusha la 1967. Sisi watoto tumezaliwa nyumba ya kiwanda, tukiugua tunapelekwa zahanati ya kiwanda, mwisho wa mwaka mama anapata doti ya khanga, na tukienda uwanjani tunashangilia timu ambayo nayo ina mwajiri nyuma yake. Wa umri wangu mnakumbuka, ligi ilikua na Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, na baadae Mtibwa Sugar wakachukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, hao ni watu wa mashamba ya miwa jamani, Simba na Yanga wanaangalia tu. Mwajiri mkubwa enzi hizo hakua anakupa mshahara tu, alikua anakupa maisha mazima, na baba alikua akiulizwa na mtu ye ni nani hasemi mimi Mluguru wa Matombo, anasema mimi mtu wa kiwandani.

Sasa ubaya wake ndo huohuo. Ikaja miaka ya 90 na ubinafsishaji, kiwanda kikafungwa, na kwa kua kila kitu kilikua cha kiwanda basi siku moja hiyohiyo tukakosa mshahara, nyumba, zahanati na hata watu wa kushangilia nao mpira. Baba alikua amekopa baiskeli kwa makato ya mshahara, makato yakaisha mwezi wa 3, kiwanda kikafungwa mwezi wa 6. Alikua anacheka mwenyewe akisema angalau nimewahi kumaliza deni. Nyumba tulipewa muda wa kuhama. Na hatukua wa kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikua na reli, bandari, posta na ndege kwenye nchi tatu, we niambie mwajiri gani alikua mkubwa kushinda huyo, na 1977 ikavunjika na wazee wetu wamekuja kudai mafao yao mahakamani na barabarani miaka na miaka, wengine wamezikwa wanadai. Kwahiyo mtu akiniambia kampuni kubwa haiondoki namuangalia tu.

Lakini na mimi nikaenda hukohuko. 2012 nilikua nakaa kwa shangazi Kiwalani, sina ramani, nikasikia kiwandani wanachukua watu. Deiwaka ni hivi, mnasimama getini watu mia, mia na nusu, supavaiza anatoka anaanza kunyoosha kidole, wewe, wewe, wewe wa kitenge, wewe mrefu, inatosha. Waliobaki wanarudi nyumbani na nauli imeshaenda. Ukichaguliwa unalipwa 5,000 jioni. Hakuna jina lako popote, supavaiza ana daftari lake anaandika namba, mi nilikua naitwa 44 na hadi leo kuna mbaba mmoja wa stoo ananisalimia "mambo 44". Nilisimama getini miezi kama 9 hivi, kuna wiki napata siku 5, kuna wiki siku moja.

2013 tukaambiwa deiwaka basi, wote tunapitia kwa wakala. Tulifurahi vibaya mno. Tukapewa fulana zenye nembo ya kampuni mgongoni na kifuani, tukapiga picha, nikamtumia mama Morogoro, mama akaonyesha mtaa mzima. Wiki ya pili ndo nikaanza kuona vitu. Kamba ya kitambulisho changu ya bluu, ya wenzetu nyekundu. Wa nyekundu wanapanda basi la staff, wa bluu tunagombania daladala. Kantini tunaingia wote ila wa nyekundu wakiumwa wanaenda hospitali na kadi, sisi tunapewa panadol. Mashine ni ileile, supavaiza ni yuleyule, ovataimu ni ileile, na mwisho wa mwezi mshahara unatoka kwa mtu ambae hata ofisi yake sijawahi kuiona, nimepewa namba ya simu tu.

Ule mkataba niliusaini nimesimama, karatasi tatu za kiingereza, juu kabisa jina la wakala, jina la kampuni limetajwa mara moja tu kwenye mstari wa "eneo la kazi". Yaani kampuni kubwa kwangu mimi ilikua ni mahali, kama vile mtu aseme nafanya kazi Tazara au nafanya kazi Buguruni, ni eneo tu. Na mkataba wa miezi 3, ukiisha unasaini mwingine.

Mwaka 2014 serikali ikatoa kanuni za mawakala wa ajira, kwamba kazi ya wakala ni kumuunganisha mtu na kazi sio kugeuka yeye ndo mwajiri alafu akukodishe kama turubai la harusi. Tukashangilia tena. Kwetu sisi kilichobadilika ni kichwa cha barua, wakala akawa "mkandarasi wa huduma", namba ya simu ileile.

2015 nikabeba mimba. Sikusema mpaka ilipojisema yenyewe, supavaiza akaniita pembeni, ni mtu mzuri tu sio katili, akaniambia dada pole ila mkataba wako unaisha tarehe 30 na ofisi haijaleta mpya. Basi. Hakuna barua ya kufukuzwa kwasababu sijafukuzwa, umeisha tu. Nimejifungua kwa shangazi, hela niliyokua nimeiweka kwa maisha ya baadae ndo hiyo nilikula na mtoto, na mtoto alivyofika miezi 5 nikarudi getini kwa mkandarasi yuleyule, kanipokea vizuri kabisa kana kwamba nilikua nimesafiri.

Alafu 2017 kampuni ikafungua laini mpya wakachukua baadhi yetu wakatuajiri wenyewe. Kamba nyekundu. Siwezi kuwaelezea nyie watu wa magazeti raha ya siku ile, nilisoma mkataba kuanzia juu, jina la kampuni lipo juu, jina langu lipo chini, katikati hakuna mtu.

2019 nikabeba mimba ya pili. Kiwanda kilekile, mashine ileile ya kufunga pakti, supavaiza yuleyule. Safari hii nilienda kusema mwenyewe mapema, wakanitoa zamu ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua maana sheria inakataza, nikajifungua kwa oparesheni, bima ikalipa yote, nikakaa siku 84 nyumbani mshahara unaingia tarehe 25 kama kawaida. Baba mtoto nae ameajiriwa huko kwao akapewa siku zake 3. Mi nilikua kitandani naangalia meseji ya benki nalia, mama anauliza unaumwa wapi. Sio furaha tupu Mhariri, nilikua namkumbuka yule wa kwanza.

Kwahiyo kijana akiniuliza uzuri wa kampuni kubwa ni nini, mi sitamwambia mshahara, maana mshahara wa kampuni kubwa kwa watu wa chini wala sio wa kutisha na hao wa Kariakoo wanaweza kweli kumpita. Uzuri wake ni kwamba kuna karatasi, na karatasi ikishakuwepo sheria inapata mahali pa kushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wiki ni saa 45, siku saa 9, ovataimu mara moja na nusu na isizidi saa 50 kwenye wiki nne, likizo siku 28 za malipo, ukifanya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi unaongezwa asilimia 5. Sheria hiyo haisemi ni ya wakubwa tu, ni ya wote, hata wa duka la Kariakoo. Ila tuwe wakweli, mzee wa Kariakoo ukimwambia asilimia 5 ya usiku atakuuliza we ulikuja kufanya kazi au kunishtaki. Kampuni kubwa inaogopa kidogo. Sio kwamba ina roho nzuri, inakaguliwa, ina watu wa HR ambao nao wanaogopa kazi zao, na ina chama cha wafanyakazi, japo cha kwetu tunakiona vizuri zaidi Mei Mosi kwenye fulana na kofia.

NSSF nayo. Asilimia 20 ya mshahara inaenda, wewe isizidi 10 inayobaki mwajiri, na pensheni ya uzeeni inataka uwe umechangiwa miezi 180, hiyo ni miaka 15 hujaruka hata mwezi. Mimi nilivyokuja kuangalia michango yangu nikakuta kipindi cha wakala ambacho nilikatwa kila mwezi bila kukosa, kwenye karatasi imeonekana miezi 14 tu. Miaka mitatu na ushee nimekatwa, miezi 14 imefika. Nimepiga ile namba ya simu, inaita, haipokelewi, siku nyingine inapokelewa na mtoto. Kwa kampuni yenyewe toka 2017 haijaruka hata mwezi mmoja, nimehesabu.

Na ajali. Mdogo wangu yuko Keko kwa mafundi fenicha, karakana ya watu 6, mashine ya randa ikamkata ncha ya kidole. Bosi wake alimbeba mwenyewe kwenye bajaji mpaka hospitali, akalipa, akaja kumuona kila siku na uji, akampa 50,000 na siku 10 za kupumzika, na mdogo wangu alivyofiwa na baba mkwe, bosi alikuja akalala msibani. Hiyo kwenye kampuni kubwa huipati, huko mkubwa wako akija msibani anakuja na bahasha ya ofisi na anaangalia saa. Lakini kwetu kuna kijana alibanwa vidole viwili na konveya, ikajazwa fomu, ikaenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wakampima ulemavu asilimia ngapi, akalipwa. Mfuko huo umeanza kupokea michango 2015 na ni mwajiri ndo anachangia, mfanyakazi hakatwi hata senti, na kisheria hata yule fundi wa Keko anatakiwa awe amejisajili. Nilimwambia, akasema dada yangu hiyo ni ya makampuni. Mdogo wangu kidole hakijarudi na wala haimuumi moyo, anampenda bosi wake kuliko mi ninavyowapenda wa kwangu wote nikiwajumlisha. Nashindwa kusema kakosea.

Sasa mabaya. Kubwa kuliko yote kwangu ni kwamba unafundishwa kitu kimoja tu. Miaka yote hii najua kufunga pakti, kubadilisha roli la plastiki na kubonyeza kitufe chekundu likitokea la kutokea. Mtoto wa mama mdogo aliingia Kariakoo mwaka uleule 2012, mtaa wa Kongo huko, kuuza mabegi kwa mtu. Alikua anafungua duka saa 1 asubuhi anafunga saa 1 usiku, Jumapili anapumzika akipenda bosi, likizo hajui inafananaje, NSSF hana hadi kesho. Lakini alijua mzigo unatoka wapi, kontena linachangiwaje, nani anakopesheka na nani tapeli, mteja wa Congo anataka nini na wa Zambia anataka nini. Mwaka wa nne akakata kifremu chake. Leo ana vifremu viwili na ananisalimia shikamoo dada kwa heshima zote ila mkononi kashika ufunguo wa gari. Mi nikitoka pale kiwandani leo najua kufunga pakti, na mashine ya kufunga pakti huku nje haiuzwi Kariakoo.

Ila tusidanganyane, aliingia dukani na wenzie wanne. Mmoja alisingiziwa upotevu wa mabegi akalala polisi siku tatu bila hata ya barua, wengine hatujui walipo.

Ubaya wa pili ni mbali. Maamuzi yanatoka mbali. Miaka michache iliyopita kuna laini ilifungwa, ikaletwa mashine moja inafanya kazi ya watu 30, na aliyeamua hajawahi kukanyaga hapa na meneja wetu mwenyewe alikua anatangaza huku macho yako chini. Kwenye karakana ya Keko ukipunguzwa unajua nani kakupunguza, unaweza ukamlilia, ukamtuma mkewe. Kwenye kampuni kubwa unamlilia nani? HR anakuonyesha kompyuta.

Hapo kwenye ridandansi, yaani kupunguzwa kazi, naomba vijana wasikilize vizuri maana hakuna anaewaambia siku ya kusaini. Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, na kinahesabiwa mwisho miaka 10. Yaani mtu wa basic 520,000 anaefanya siku 6 kwa wiki, siku yake ni 20,000, mwaka mmoja 140,000, miaka 10 ni 1,400,000, na kama umekaa miaka 19 ni hiyohiyo 1,400,000 labda mkataba au chama kiwe kimekupigania zaidi. Kuna mama alikua na miaka 17 pale, alidhani atajenga. Alinunua kiwanja Chanika alikua amelipa nusu, hiyo ndo ikaisha kumalizia kiwanja, tofali hata moja hakuna.

Na ukiona umeachishwa kwa kuonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wanakupa siku 30 upeleke lalamiko lako. 30, sio miezi. Jamaa yetu wa stoo aliachishwa akawa anapiga simu ofisini anaambiwa kaka tulia tunalifanyia kazi, njoo Jumatatu, bosi kasafiri, njoo Jumatano, na wanaongea nae kwa upole kabisa na soda anapewa. Alivyokuja kushtuka siku ya 41. Ikabidi aanze kwanza kuomba kuongezewa muda aeleze alikua wapi, na alikua pale pale mapokezi anakunywa soda. Hiyo ndo akili ya mwajiri mkubwa, hagombani na wewe, anakuchelewesha tu.

Alafu kuna shida ambayo sio ya kampuni ni ya kwetu wenyewe ila inakuja na jina la kampuni. Ukishaajiriwa sehemu kubwa unakopesheka. Benki wanakuita, mwenye nyumba haulizi mara mbili, duka la friji wanakupa kwa awamu. Mi mwenyewe mkopo wa benki ndo umenijengea vyumba viwili Chanika, siwezi kuusema vibaya. Ila nje ya geti letu kuna watu wa kausha damu, wanakaa kwenye viti vya plastiki tarehe 23, 24 kama wanasubiri mpira uanze. Wanachukua kadi yako ya ATM na namba ya siri, mshahara ukiingia wanatoa wao wanakurudishia chenji. Nina mwenzangu hajashika kadi yake mwaka wa pili, yeye na familia nzima mtaani wanajulikana ni watu wa kampuni, watoto wa watu wanamuonea wivu, na mchana kantini anabeba wali kwenye mfuko apeleke nyumbani. Deiwaka hakopeshwi na mtu, ndo usalama pekee aliokua nao.

Sasa kijana wangu, sijui uko wapi, labda umeshaamua. Mi nakujibu moja kwa moja maana wengine wote wamekuzungusha. Omba uuone mkataba kabla hujajibu na angalia juu kabisa. Kama juu kuna jina la hiyo kampuni, nenda kampuni, hata kama Kariakoo wanaongeza laki, maana hiyo laki ukiigawa kwenye bima, likizo, NSSF na siku moja ya kuumwa haibaki kitu. Kaa miaka mitano, usigawe kadi yako ya benki kwa binadamu yeyote, jifunze na mashine ya jirani sio ya kwako tu, na Jumamosi nenda Kariakoo hukohuko ukazurure uone watu wanafanyaje. Kama juu kuna jina la wakala, au mkandarasi wa huduma, au sijui wanajiitaje siku hizi, nenda zako Kariakoo kwa yule mzee na mkewe bila hata ya kujiuliza mara mbili. Huko angalau anaekulipa ni yule unaemuona, na utatoka na ujuzi. Wa wakala anakosa vyote, karatasi ya mkubwa hana na ujuzi wa mdogo hana, ana fulana. Ya kwangu ya 2013 bado ninayo, napigia deki.

Najua kuna watakaosema mbona wengine wameanzia kwa wakala wakaajiriwa kama wewe. Kweli. Siku ile ya 2013 tulipiga picha watu 61, nimewahesabu kwenye simu. Tuliofika kamba nyekundu ni 7.

Na nyie Mhariri nina ombi moja. Kila Mei Mosi mnatoa picha ya mfanyakazi hodari amepewa friji na cheki kubwa ya karatasi, nzuri, hongera zao, hata mi nilishapata ya feni. Ila mtume mwandishi mmoja aje getini saa 11 alfajiri, popote tu kwenye njia ya viwanda huku barabara ya Nyerere, asiulize watu wanalipwa ngapi, aulize kila mmoja mkataba wako una jina la nani juu. Aandike majibu tu kama yalivyo. Wengi watamwambia hawajawahi kupewa nakala.

Niishie hapa maana basi la staff linapita saa 12 jioni na leo nipo usiku. Kijana yule akiandika tena naomba mtuwekee barua yake yote, maana ile kona iliyochanika ilikua imeanzia kwenye maneno "mkataba wenyewe nimeambiwa utatoka kwa" alafu ndo mafuta ya andazi, na mi toka siku hiyo nasumbuka kujua ni kwa nani.

Ni mimi msomaji wenu,
Kiwalani, Dar es Salaam